KINACHOAMKA KABLA YA WINDOWS

Usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji mpendwa, kila ubonyezapo swichi ya kipakatalishi na jina la kampuni likajitokeza kwenye kioo, kazi nyingi huwa imekwisha kufanyika kabla Windows haijafumbua jicho. Prosesa huwa imekiendea kijichipu kilichochomelewa kwenye ubao mkuu, ikasoma maagizo yaliyomo, ikakagua memori, kicharazio na diski, kisha ndipo ikaikabidhi Windows usukani. Maagizo hayo ndiyo huitwa BIOS. Mashine za siku hizi zina mrithi wake, UEFI, ila mafundi bado huita vyote BIOS, nasi tufuate mtindo huo huo.

Hapo zamani mambo yalikuwa ya mkono. Kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981 ilikuwa na swichi ndogondogo ndani ya kasha. Ukiongeza memori, sharti ufungue kifuniko uzigeuze kwa ncha ya kalamu! Modeli ya AT ya mwaka wa 1984 ndiyo iliyoanza kuweka mipangilio kwenye chipu inayolindwa na betri.

Je, utaingiaje humo? Zima mashine, iwashe, na papo hapo uanze kubonyeza kitufe chake mfululizo: F2 kwa Dell, Acer na Asus nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ukichelewa, Windows itakuwa imekwisha kupita. Kumbuka pia kwamba Windows ya siku hizi ikizimwa aghalabu haizimiki kabisa, hujilaza tu, kwa hiyo ni heri uiambie iwake upya badala ya kuizima. Na kama unataka kutazama tu bila kugusa kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike msinfo32. Utaona toleo la BIOS, prosesa na kiasi cha memori.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Ndabibi, kwa kuwa vipakatalishi vingi tunavyonunua ni vya mitumba, vilivyotumika Ulaya kwanza. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake: muuzaji atakwambia memori ni GB 8 na betri ni nzima. Wewe usibishane naye. Omba tu kuingia BIOS kabla ya kutoa pesa. Humo memori imeandikwa ilivyo, na nambari ya mashine pia, uilinganishe na ile ya kibandiko kilicho chini. Dell nyingi huonyesha hali ya afya ya betri, na HP nyingi za ofisini huonyesha hata tarehe ya kuzaliwa kwa mashine. Kibandiko hubandikwa na yeyote, jamani.

Ukikuta BIOS yenyewe inadai paswadi, rudisha mashine mezani uende zako. Watu husema kwamba ukiitoa betri ndogo usiku kucha paswadi itafutika. Kwa kompyuta kuukuu za mezani ilikuwa kweli, lakini vipakatalishi vya ofisini huihifadhi mahali pasipohitaji umeme. Kampuni ya Lenovo yenyewe huwaambia wenye ThinkPad waliosahau paswadi ya msimamizi kwamba dawa ni kubadilisha ubao mkuu mzima. Bei yake si ya mwanafunzi.

Betri hiyo ndogo, mara nyingi ile ya mviringo kama sarafu iitwayo CR2032, kazi yake kubwa sasa ni kulinda saa. Ikifa, kipakatalishi huamka kikidhani ni mwaka uliopita zamani. Kisha tovuti zinakataa kufunguka, nawe unalaumu intaneti bure. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na mashine ikiona tarehe haiafiki, haiviamini. Rekebisha saa ndani ya BIOS. Ikirudi nyuma tena kesho, nunua betri.

Mpangilio unaobadilishwa zaidi ni ule wa zamu: mashine ianze kutafuta mfumo wapi, kwenye diski au kwenye flashi? Ukitaka kuweka Linux, flashi hutangulia. (Na kama mashine imegoma kuwaka asubuhi, chungulia kwanza kama kuna flashi iliyosahauliwa ubavuni.) Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Mashine nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kutambua. Ukigeuza zamu hiyo, au ulinzi wa kuwakia, huenda ikakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ukiukosa, picha, insha na kazi zako zote zimekwenda na maji. Utafute ufunguo huo kwenye akaunti yako ya Microsoft kwanza, uuandike kwenye karatasi, ndipo uguse. Tena piga picha ya kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadili lolote.

Ukichanganyikiwa, Esc hukutoa bila kuhifadhi, F9 kwa mashine nyingi hurudisha mipangilio ya kiwandani, na F10 huhifadhi. Kuibadilisha BIOS yenyewe kwa toleo jipya ni kazi nyingine. Stima ikipotea katikati, chipu hubaki na maagizo nusu na mashine huenda isiwake tena. Chomeka chaja, betri iwe imejaa, na mawingu yakitanda upande wa Eburru, ahirisha hadi kesho.