KIPISI NA MIKONO ILIYOKITUNZA

Mkazi wa Chunya anayetaka kupanda treni hana budi kwanza kuvuka safu ya milima ya Mbeya, mwendo wa kilomita kama 70, mpaka stesheni ya Iyunga. Wilaya yetu haina reli. Dhahabu ya Lupa, iliyowavuta watu kwa maelfu katika miaka ya 1930, ilisafiri kwa barabara, na mazao yetu hadi leo husafiri hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa Chunya anajua thamani ya reli kama mwenye kiu anavyojua thamani ya kisima cha jirani.

Ndugu wasomaji, reli ya TAZARA imeandikwa mara nyingi. Tumesoma kwamba ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia Julai 1976. Kwamba urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Na kwamba ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia isilazimike kupita katika nchi za wakoloni na walowezi. Hayo ni mambo makubwa. Leo tunataka kusema habari ya treni ndogo, na ya watu walioihudumia.

Treni hiyo wananchi waliiita Kipisi, maana ilikuwa kipande tu cha safari. Haikwenda Zambia wala Dar es Salaam. Ilipita kati ya bonde la Kilombero na Makambako, ikisimama katika vituo ambavyo treni za haraka hazikuvitazama. Mkulima aliingia na gunia lake la mchele au mikungu yake ya ndizi, akapanda nayo nyanda za juu. Siku ya kurudi alibeba viazi na maharage. Mahali pengine pa njia hiyo mvua ikinyesha barabara hufa, na Kipisi ndicho kilichokuwa basi, soko na gari la wagonjwa.

Ukikaa na wazee wa reli waliostaafu, watakueleza kwamba kazi ya treni ya namna hiyo huanza wakati abiria wangali wamelala. Fundi huzunguka na nyundo na taa, akigonga magurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Hakuna kitabu kimfundishacho mtu tofauti ya sauti hizo. Hujifunza kwa kusimama karibu na mkubwa wake, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka sikio limekomaa. Kisha hutazamwa viungo vya mabehewa, hujazwa maji, hupakwa grisi, na breki hujaribiwa toka behewa la kwanza hadi la mwisho. Gadi hapungi bendera yake ya kijani kabla hajaridhika.

Na mlima wenyewe si wa mchezo. Kutoka Mlimba mpaka Makambako njia hupanda zaidi ya mita elfu moja, ikipita katika mahandaki na juu ya madaraja marefu. Injini za kwanza zilizotoka China zilitaabika sana katika mwinuko huo, hata katika miaka ya 1980 zikaletwa nyingine zenye nguvu zaidi. Dereva aliyepanda humwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze. Lakini wazee husema kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Anayeshuka ana uzito wote mgongoni, na akichelewa kushika breki hana pa kuikimbilia.

Nao watu wa genge tusiwasahau. Hao ndio waliotembea njiani kwa miguu, wakikaza misumari, wakibadili mataruma, wakisukuma kokoto mahali pake. Mwaka 1979 mvua kubwa ziliporomosha udongo na kuiharibu njia, na kila masika mwanagenge hulala sikio moja likiwa macho.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Abiria aliyeona Kipisi kimechelewa saa nne alilalamika, naye alikuwa na haki, maana ndizi haingoji. Lakini hakumwona fundi aliyekuwa chini ya behewa akitafuta kipuri kisichokuwapo. Katika miaka ya 2010 injini nzima zilipungua, mishahara ikalimbikizwa miezi kwa miezi, na wafanyakazi wa reli hii waligoma zaidi ya mara moja. Si haki kuwalaumu kana kwamba hawakuipenda kazi. Mtu hawezi kugonga gurudumu kwa makini hali nyumbani watoto hawajala.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii. Tunalipokea jambo hilo kwa furaha, nasi tuna neno moja la kusema. Injini mpya hununuliwa kwa fedha. Sikio la fundi halinunuliwi. Vijana wa 1970, waliotoka Mbeya, Iringa na mikoa mingine kwenda kuchimba na kubeba mawe, leo ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Waliowafuata karakana nao wamestaafu. Kila mmoja akizikwa, huzikwa na elimu ambayo taifa liliilipia kwa jasho la miaka mingi.

Basi kila atakayeiendesha reli hii awaite wazee hao wangali hai. Wakae na vijana karakana, wawaonyeshe mlima kona kwa kona, na maneno yao yaandikwe. Tena mkulima wa vituo vidogo asisahauliwe kwa ajili ya shaba, kwani reli ipitayo mlangoni pa mtu bila kusimama haimfai kitu. Sisi wa Chunya, ambao hata mlangoni petu haipiti, tunalijua hilo kuliko wengine.