Mwalimu Aliyevuka Bahari, na Binti wa Nyarugusu

Makala hii ilianzia kwenye karasha.

Tulikuwa Nyarugusu, mkoani Geita, tumeketi juu ya viroba vitupu pamoja na akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu. Vumbi jeupe lilikuwa limetutanda hadi kwenye kope. Mashine iliponyamaza kidogo, mama mmoja alijifuta uso kwa kanga na kutuuliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo.

"Dada zangu, ninyi mnaosoma na kuandika, nisaidieni. Binti yangu amemaliza kidato cha nne. Amefaulu hesabu, fizikia na kemia, na amechaguliwa kwenda kidato cha tano, mbali. Baba yake anasema inatosha. Anasema hela ya godoro, sare na nauli afadhali tuitie kwenye duara, tutapata mara kumi. Ananiuliza, mwanamke akishasoma hiyo kemia, anaishia wapi? Nami sina la kumjibu."

Wenzake walicheka, lakini si kwa kumdharau. Walicheka kama watu wanaolijua swali hilo tangu zamani. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Mzazi anayetoa shilingi yake ya mwisho ana haki ya kujua inakokwenda. Ndipo tukamsimulia habari za mwanamke mmoja aliyesoma kemia, na mahali alipofika. Leo tunakusimulia na wewe.

Msichana miongoni mwa wavulana

Jina lake ni Preeti Aghalayam, Mhindi kwa kuzaliwa. Alisomea uhandisi wa kemia katika Taasisi ya Teknolojia ya India iliyoko Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Wengi hukiita chuo hicho kwa kifupi IIT Madras. Kilianzishwa mwaka 1959 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nacho ni kimoja kati ya vyuo vya namna hiyo ambavyo India ilianza kuvijenga mwaka 1951, miaka michache tu baada ya uhuru, ili ipate mafundi na wahandisi wake yenyewe.

Kuingia katika vyuo hivi si mchezo. Kila mwaka vijana kwa malaki hukaa kwenye mtihani mmoja mgumu, na wanaopata nafasi ni wachache. Zamani zile, kati ya hao wachache, wasichana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi, hata mwaka 2018 vyuo hivyo vikaamua kuongeza nafasi za ziada kwa ajili ya wasichana ili wafike angalau asilimia 14 ya wanaoingia, na mwaka 2020 lengo likawa asilimia 20. Fikiri basi, ikiwa asilimia 20 ililazimu kutafutwa kwa mpango maalumu, msichana wa miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa akiketi darasani na wenzake wa kike wangapi?

Preeti aliketi, akasoma, na mwaka 1995 akahitimu. Hakuishia hapo. Alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, na mwaka 2000 akapata shahada ya uzamivu. Baada ya hapo alifanya utafiti katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, ambacho ni miongoni mwa vyuo vinavyoheshimiwa sana duniani.

Wengi wakifika huko hubaki. Yeye alirudi India kufundisha. Alifundisha kwanza katika taasisi dada ya Bombay, na mwaka 2010 akahamia Madras, chuo kile kile alichokuwa amekaa kama mwanafunzi. Sasa alisimama mbele ya ubao, na wasichana wachache walioketi darasani wakaona kwa macho yao kwamba mwanamke anaweza kusimama hapo.

Kazi ya moto

Mama wa Nyarugusu alituuliza, "Sasa huyo mhandisi wa kemia hasa hufanya kazi gani?"

Tulimweleza kwa mfano wa jiko. Ukiwasha kuni, kuna moto safi na kuna moshi. Kwa nini kuni zile zile wakati mwingine hutoa moshi mwingi na wakati mwingine mchache? Preeti amefanya utafiti juu ya mambo ya namna hiyo: jinsi vitu vinavyowaka, na jinsi moshi wenye sumu wa magari unavyoweza kusafishwa kabla haujatoka kwenye bomba. Amechunguza pia namna ya kuyageuza makaa ya mawe kuwa gesi yakiwa bado chini ya ardhi, bila kumshusha mtu shimoni.

Hapo akina mama walinyamaza. Neno "bila kumshusha mtu shimoni" lilikuwa limewagusa. Nyarugusu hakuna asiyejua maana ya shimo linapoporomoka.

Jambo jingine lililowachekesha ni kwamba profesa huyu ni mkimbiaji. Hukimbia mbio ndefu za marathoni, kilomita 42 na ushei. "Mimi nikitembea kutoka hapa hadi mnadani nimechoka!" akasema mmoja. Lakini ukitafakari, msichana aliyeanza masomo hayo kati ya wavulana na kuyafuata hadi mwisho alikuwa ameanza kukimbia marathoni zamani. Katika mbio ndefu, anayefika si lazima awe mwenye kasi kuliko wote. Ni yule asiyekaa chini njiani.

Zanzibar, mwaka 2023

Tarehe 5 Julai 2023, mkataba ulitiwa saini Zanzibar mbele ya Rais Hussein Ali Mwinyi na Waziri wa Mambo ya Nje wa India, S. Jaishankar. Mkataba huo ulikubali kwamba IIT Madras ifungue tawi Unguja. Taasisi hizi hazikuwahi kufungua tawi nje ya India. Nchi nyingi zilitamani. Zanzibar ikawa ya kwanza.

Na nani alipewa kazi ya kuliongoza? Profesa Preeti Aghalayam. Kwa uteuzi huo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote, tangu ya kwanza ilipoanzishwa mwaka 1951. Ilichukua zaidi ya miaka 70, na ilipotokea, ilitokea kwetu, katika ardhi ya Tanzania.

Masomo yalianza mwaka huo huo wa 2023 katika majengo ya Bweleo, kusini mwa mji wa Zanzibar. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa 70: wanafunzi 50 wa shahada ya kwanza na 20 wa shahada ya uzamili, wote katika sayansi ya data na akili mnemba. Profesa huyu alivuka bahari, akaanza na darasa dogo katika majengo ya muda. Akina mama waliowahi kuanzisha shule ya awali chini ya mwembe wataelewa jambo hilo kuliko mtu yeyote.

Hakuwa wa kwanza kupanda kilima

Tusidhani kwamba mambo haya yalianguka kutoka mbinguni. Huko India, mwaka 1848, Savitribai Phule alikuwa tayari anafundisha wasichana katika mji wa Pune, wakati ambapo wengi waliona ni aibu msichana kushika kitabu. Miaka 100 baadaye, mama mwingine, Hansa Mehta, aliiwakilisha India katika Umoja wa Mataifa wakati Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilipokuwa likiandikwa. Rasimu ilisema kwa Kiingereza kwamba wanaume wote huzaliwa huru. Yeye alishikilia neno libadilishwe liwe "binadamu wote", na likabadilishwa. Mwaka 1949 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Baroda, mwanamke wa kwanza India kuongoza chuo kikuu cha wanaume na wanawake pamoja.

Na kwetu je? Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Profesa Penina Mlama, ambaye wengi tunamjua kwa tamthilia zake za Kiswahili, alipanda hadi kuwa mkuu wa taaluma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaongoza jumuiya ya waelimishaji wanawake wa Afrika, FAWE, inayotetea elimu ya wasichana. Kenya, Profesa Leah Marangu aliongoza Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa makamu mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja wao alipanda kwa mgongo wa mama fulani aliyesema, "Mwanangu, nenda."

Kemia iko uani kwetu

Mama mmoja alisema, "Hayo ni ya Wahindi na wa mjini. Hapa kemia ina kazi gani?"

Tulimwonyesha kikaango kilichokuwa kando ya mwalo. Mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki, zebaki hushika dhahabu, donge huchomwa juu ya moto, nayo zebaki hupaa kama moshi usioonekana vizuri. Hiyo ni kemia mwanzo hadi mwisho! Moshi ule ukivutwa huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Kwa mama mjamzito, zebaki hupita hadi kwa mtoto tumboni. Huko Minamata, Japani, watu wengi waliteseka na wengine wakafa kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, na watoto walizaliwa wakiwa na ulemavu. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania ilijiunga mwaka 2020.

Kipo chombo cha kuchomea kilichofungwa, kinachokamata moshi na kuirudisha zebaki ili itumike tena. Lakini nani atakifundisha Nyarugusu? Nani atapima maji ya kisima? Nani atawaeleza akina mama kwa Kisukuma na Kiswahili kwamba kuchomea donge jikoni, mtoto akiwa mgongoni, ni hatari? Binti wa hapa aliyesoma kemia anaweza, kwa sababu yeye anajua karasha na anajua pia kitabu.

Na ada je?

Tusidanganyane. Ilipotangazwa mwaka 2023, ada ya shahada ya kwanza katika tawi la Zanzibar ilikuwa dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Hizo si fedha za mponda mawe. Hatukusimulia habari hizi ili kila mama auze nyumba ampeleke binti Unguja.

Lakini njia haianzii Unguja. Inaanzia kidato cha tano, na hapo mlango umefunguliwa kuliko zamani. Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa katika shule za serikali, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatisha masomo kwa kupata mimba anaruhusiwa kurudi shuleni. Serikali ilipanga pia shule ya sekondari ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa wa Tanzania Bara, mikoa 26. Anayefanya vizuri sana katika sayansi kidato cha sita anaweza kupata ufadhili wa Rais Samia ulioanza mwaka 2022, na wengine huomba mkopo wa elimu ya juu.

Kinachobaki mikononi mwa wazazi ni godoro, sare, nauli na neno la kutia moyo. Si kidogo, lakini kinahesabika. Kama kipo kikundi cha kuweka na kukopa, akina mama waweke kapu la binti wa sekondari. Haba na haba hujaza kibaba. Na baba aalikwe kwenye hesabu hiyo mapema, asiletewe orodha siku ya mwisho.

Jibu la baba

Jioni ile mama yule alituomba twende kwake. Mumewe alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akasikiliza habari za Profesa Preeti bila kutukatiza. Kisha akasema, "Shemeji zangu, mimi si mbaya. Mwaka juzi niliingiza kwenye duara hela ya ng'ombe wawili. Lilijaa maji. Nataka nizirudishe."

Hatukumhubiria. Tulimwuliza tu: duara likijaa maji, hela huenda wapi? Akasema, hupotea. Na kichwa cha binti je, kinajaa maji? Alikaa kimya kwa muda mrefu. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi, hakusogea.

"Godoro ni shilingi ngapi?" baba akauliza hatimaye.

Hakuuliza sisi. Alimwuliza mkewe.