Habari za Jimmy Hogan, Mwalimu wa Mpira

Wasomaji wetu, hapana shaka wengi wenu mwawajua wachezaji wa mpira wa miguu ambao sifa zao huvuma kila mahali. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye alipokuwa mchezaji hakusifiwa sana, akahama toka chama hata chama kama kibarua atafutaye kazi, lakini baadaye mataifa kadha wa kadha ya Ulaya yalimhesabu kuwa baba wa mpira wao. Jina lake Jimmy Hogan, Mwingereza.

Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1882 katika mji wa Nelson, jimbo la Lancashire, nchi ya viwanda vya kufuma nguo za pamba. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na baba yake alitamani sana mwanawe awe padre. Kijana akapelekwa kusoma katika chuo cha Mtakatifu Beda, mjini Manchester. Akasoma, lakini mwisho akaona kwamba kazi ile siyo yake, akarudi nyumbani. Mzazi aliyepata kupokea habari ya namna hiyo atakisia mwenyewe jinsi baba yule alivyoipokea.

Basi akaingia katika mpira wa mshahara. Mahali pake uwanjani palikuwa ndani, upande wa kuume, kati ya wale wa katikati na washambuliaji wa mbele. Kazi yake ilikuwa kupokea mpira kwa walio nyuma na kuwapelekea walio mbele; siku hizi watu wangemwita kiungo. Alivichezea vyama vya Rochdale, Burnley, Nelson, Fulham, Swindon na Bolton. Mwaka 1908 alikuwa pamoja na Fulham walipofika nusu ya mwisho ya Kombe la Uingereza, wakafungwa na Newcastle mabao 6 kwa sifuri. Hayo ndiyo makubwa ya maisha yake ya uchezaji, nayo si makubwa.

Lakini liko neno moja la siku zile ambalo kwetu sisi waalimu lina maana kuliko kombe. Husimuliwa kwamba alipokuwa Burnley alipiga mpira golini, ukapita juu. Baadaye akamwendea msimamizi wao akamwuliza: Kwa nini mpira ulipita juu? Je, niliuweka mguu vibaya, au mwili wangu haukusimama sawasawa? Msimamizi akamjibu kwamba aendelee kupiga tu. Kati ya mipira kumi mmoja ukiingia, yatosha. Jibu hilo halikumridhisha. Tangu siku ile akaanza kujitafutia sababu za mambo, jinsi ya kuupokea mpira, kuutuliza na kuupeleka. Sisi nasi twawajua watoto wa namna hii darasani, wasioridhika na jibu la “fanya hivyo tu”, na tukiri kwamba mara nyingine hutuchosha.

Katika safari moja Bolton walikwenda Uholanzi, wakacheza na vijana wa mji wa Dordrecht, wakawafunga mabao 10. Wenziwe walifurahi. Hogan aliwaona wale vijana kuwa na nguvu na bidii, ila hawakufundishwa, akasema moyoni kwamba atarudi awafundishe. Naye akarudi, mwaka 1910, kabla hajatimiza miaka 28. Mwaka 1912 akaitwa Vienna na Hugo Meisl, aliyeuongoza mpira wa Austria. Akawazoeza Waaustria kuuweka mpira chini, kupeana kwa pasi fupi, na kufikiri kabla ya kupiga.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 ilimkuta huko huko. Kwa kuwa alikuwa Mwingereza katika nchi ya adui, alikamatwa. Mkewe na watoto wakarudi Uingereza, yeye akabaki. Baadaye akapewa ruhusa kwenda Budapest, nchi ya Hungaria, kukifundisha chama cha MTK, kwa sharti ya kujionyesha kwa polisi. Wachezaji wengi walikuwa wamekwenda vitani, basi akaokota vijana. Wawili kati yao, György Orth na József Braun, aliwaona wakicheza katika bustani ya watu wote, akawachukua na kuwafundisha, nao wakawa wachezaji mashuhuri wa Hungaria. MTK wakawa mabingwa mwaka 1917, na hata baada ya mwalimu wao kuondoka wakaendelea kushinda ubingwa hata mwaka 1925.

Vita ilipokwisha akarudi kwao, hana kitu. Akasikia kwamba iko akiba ya kuwasaidia wachezaji walioharibikiwa kwa ajili ya vita, akasafiri hata London kwa wakubwa wa mpira. Hakupewa fedha; alipewa jozi tatu za soksi za kiaskari, na kuambiwa kwamba vijana waliokuwa vitani walizifurahia sana. Alilielewa neno hilo: kwao alihesabiwa kama mtu aliyekimbia vita, ingawa miaka ile yote alikuwa chini ya ulinzi wa adui.

Akarudi ng'ambo. Alifundisha Uswisi, kisha Ujerumani, ambako alizunguka akihutubia maelfu ya wachezaji na waalimu. Kijerumani chake kilikuwa kibovu. Husimuliwa kwamba siku moja wasikilizaji walipoanza kumcheka, alitoka, akarudi amevaa nguo za mpira, akavua viatu na soksi, akapiga mpira kwa mguu mtupu kwenye ubao uliokuwa mbali; ukarudi, akaupiga kwa mguu wa kushoto, ubao ukapasuka. Wasomaji wetu wengi walioanza mpira pasipo viatu hawatastaajabu sana, lakini Wajerumani walinyamaza. Katika vijana aliowafundisha mjini Dresden alikuwamo mmoja, Helmut Schön. Twaomba mlikumbuke jina hilo.

Kwao Uingereza alijaribu tena. Mwaka 1934 Fulham walimwajiri, lakini wachezaji wakubwa hawakuona haja ya kufundishwa kupiga mpira, na akiwa hospitalini baada ya kupasuliwa, akaondolewa kazini. Aston Villa walimpokea vizuri zaidi mwaka 1936, na mwaka 1938 aliwarudisha katika daraja la kwanza.

Sasa tufike tarehe 25 Novemba 1953, uwanja wa Wembley, London. Uingereza ilikuwa haijapata kushindwa kwake na timu yo yote itokayo bara la Ulaya. Siku ile wakaja Wahungaria, akina Puskás na Hidegkuti, wakapeana mpira chini kwa namna ambayo Waingereza hawakujua waushike wapi, wakashinda mabao 6 kwa 3. Baada ya mchezo mkubwa wa mpira wa Hungaria akatangaza kwamba mambo yote wanayoyajua wamefundishwa na Jimmy Hogan. Mzee mwenyewe, mwenye miaka 71, alikuwa amekaa kati ya watazamaji pamoja na vijana wa Aston Villa aliokuwa akiwafundisha. Waingereza wengine walikasirika, wakamwita msaliti, kana kwamba si wao waliomwacha aende.

Alikufa tarehe 30 Januari 1974, mwenye miaka 91. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Ujerumani Magharibi ikatwaa Kombe la Dunia, na mwalimu wa timu ile alikuwa Helmut Schön.