Waya wa umeme chini ya udongo: mbwa wa Makobola ataweza nao?

Kila familia ya Fizi na ya Uvira ina ndugu aliyeenda mbali. Wengi walipitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, kisha wakapelekwa Amerika. Hawasahau nyumbani: wanatuma nguo, simu, viatu, na sasa kuna wanaotaka kutuma hata kitu cha kuzuia mbwa. Wanakiita uzio usioonekana. Ni waya unaofukiwa chini ya udongo kuzunguka lupango, pamoja na mkanda wa shingo unaompiga mbwa umeme kidogo akikaribia mpaka.

Wachimbaji wenye familia Makobola, wale wanaofanya miezi Misisi ao Lubichako wakati bibi na watoto wako nyumbani, wanatuuliza kama kitu hiki kinatufaa. Jibu letu ni hili: kwa malupango mengi ya Makobola, hapana. Lakini sababu zake ni za kujua, juu kuna mtu mmoja mmoja anayeweza kufaidika nacho, na kuna wengine ambao kwa kuiga bila kuelewa wanaweza kuua mtoto wa jirani.

Shida ya mbwa kwetu si mchezo. Makobola imebanwa kati ya mlima na ziwa, na barabara ya RN5 inapita katikati. Fuso zinazoshuka Baraka hazipunguzi mwendo kwa ajili ya mbwa, na mwenye pikipiki akimgonga usiku, anayevunjika mguu mara nyingi ni yule aliyepakiwa nyuma. Upande wa ufuko, ndagala zinaanikwa chini, na mbwa hajui kusoma mpaka. «Imbwa yenu imekula ndagala yangu, muje mulipe»: maneno haya kila shefu wa kijiji ameyasikia. Yasipoisha kwa shefu, yanaisha kwa sumu ndani ya kipande cha nyama. Na kumwondoa mbwa kabisa watu hawataki. Mahali palipopitia mauaji ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, watu wanalala sikio moja likiwa wazi, na mbwa anayebweka usiku ana kazi yake.

Basi kitu chenyewe kinafanya namna gani? Kilianzia Amerika katika miaka ya 1970. Ndani ya nyumba kuna kisanduku kinachounganishwa na kuran. Kisanduku kinatuma alama ya redio ndani ya waya uliofukiwa sentimeta chache tu chini ya udongo. Waya wenyewe haupigi mtu. Ukiukanyaga, hata ukiushika, hausikii kitu. Anayesikia ni mkanda wa mbwa: una batri na vyuma viwili vifupi vinavyogusa ngozi ya shingo. Mbwa akikaribia waya, mkanda unalia kwanza. Akiendelea, unapiga. Ni maumivu mafupi, si ya kuua, lakini ni maumivu.

Hapo kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kumwambia shemeji atume.

La kwanza ni kuran. Kisanduku kinataka umeme saa 24 kwa siku. Kuran ikikatika, uzio haupo, na mbwa mwerevu atajua, juu mkanda hautalia tena. Mwenye pano ya jua yenye batri nzuri anaweza kukilisha, kwa sababu hakikuli umeme mwingi. Lakini angalieni maandishi madogo kwenye kichwa cha kuchomekea. Umeme wa Amerika ni volti 120, wetu ni 220. Ikiandikwa «100-240», sawa. Ikiandikwa 120 peke yake, ukichomeka mara moja tu kitaungua, na hakuna dukani wa kukurudishia pesa. Batri za mkanda nazo mara nyingi ni za namna ya pekee, za kampuni ileile iliyotengeneza mkanda. Zikiisha baada ya miezi miwili mitatu, utazitafuta Uvira mpaka viatu viishe.

La pili ni ukubwa wa lupango, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Tuchukue lupango ya meta 20 kwa 25. Kuizunguka unahitaji waya wa meta 90. Hiyo si shida, katoni za kawaida huwa na waya kupita hapo. Lakini mkanda hauanzi kulia juu ya waya, unaanza kabla. Ukiupima uanze meta 3 kutoka mpaka, mbwa anabakiwa na nafasi ya 14 kwa 19: meta za mraba 266 kati ya 500. Toa nyumba, toa jiko, toa choo, toa banda la mbuzi. Mbwa anabaki na njia nyembamba ya kuzunguka nyumba, na kila akigeuka shingo inalia. Na alama ya redio haijui mpaka wa jirani: inaenda pande zote mbili za waya. Kitu hiki kilifikiriwa kwa watu wenye bustani kubwa za majani kati ya nyumba na nyumba. Kwetu ukuta wa jiko langu ni mgongo wa jiko lako.

Kuna mikanda mingine isiyohitaji waya, inayofuata setilaiti kama simu inavyoonyesha mahali ulipo. Lakini kosa la meta kadhaa ni kawaida yake. Mwenye ranchi hatalisikia. Mwenye lupango ya meta 20 atampiga mbwa wake umeme akiwa amelala mlangoni.

La tatu ni udongo wetu. Waya ulio sentimeta chache chini, na mama anafagia na kulima pembeni, watoto wanachimba (watoto wa wachimbaji, mutawakataza namna gani?), panya wanatafuna, na mvua ya mlimani inabeba kila kitu hadi ziwani. Tuliona Uvira mwezi wa nne 2020 namna Mulongwe ilivyochukua nyumba nzima nzima. Ukikatika mahali pamoja tu, uzio wote unakufa, na kutafuta sehemu iliyokatika ni kazi ya siku.

La nne ndilo kubwa kuliko yote: nani atamfundisha mbwa? Watengenezaji wenyewe wanasema wiki mbili ao zaidi. Unapanda vibendera vidogo kwenye mpaka, unamshika mbwa kwa kamba, unamtembeza hadi mkanda ulie, unamrudisha ndani, unamsifu, unampa kitu cha kula. Dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili ao tatu kwa siku, kila siku. Baba yuko Misisi. Mama anaamka kwenda shamba ya mihogo na kurudi jioni. Watoto watafanya siku mbili, ya tatu watacheka mbwa anaporuka. Mbwa asiyefundishwa hajui maumivu yanatoka wapi. Atafikiri yanatoka kwa mtoto anayepita barabarani wakati ule, ao kwa mbuzi, na kesho yake atamrukia. Mbwa aliyekuwa mpole anaweza kugeuka mkali namna hiyo, na mwenye woga anaweza kukataa hata kutoka ndani. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita, mbwa mwenye mimba, mgonjwa, ao yule aliyekwisha kuuma mtu, msiwavalishe kabisa.

Tena munajua mbwa dume akisikia harufu ya jike. Atapita waya kwa mbio, atapigwa mara moja, ataenda. Kurudi sasa ndiyo shida: hana tena haraka, na mpaka unampiga akitaka kuingia kwao. Anabaki nje, barabarani. Na waya huo hauzuii mbwa wa wengine, wala mwizi. Kule Wales, Uingereza, serikali ilikataza mikanda ya umeme mwaka 2010, kwa sababu ya maumivu. Sisi hatusemi kila anayeitumia ni mkatili. Tunasema mbwa wa Makobola ana shida zingine kabla ya hiyo.

Sasa lile la kuua. Watu wakisikia «uzio wa umeme» wanafikiri ni kuchukua waya, kuuzungusha kwenye miti ya lupango na kuuchomeka kwenye kuran ya SNEL ao ya jenereta. Usifanye hivyo. Usimruhusu jirani afanye hivyo, hata kama ameibiwa kuku mara tatu. Uzio wa umeme wa kweli, ule wa kuzuia wanyama, una mashine yake inayopiga pigo fupi kabisa, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha inaacha karibu sekunde nzima. Volti zake ni maelfu, lakini kwa sababu ni pigo fupi, mtu anashtuka na anapata nafasi ya kuachia. Njia hiyo ndiyo wanayotumia Kenya kuzunguka msitu wa Aberdare: kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaisha 2009, karibu kilometa 400, na tembo wanauheshimu. Kuran ya nyumba haina nafasi hiyo. Volti 220 zinashika misuli, mkono unakataa kuachia, na moyo unasimama. Ukimkuta mtu ameshikwa, usimguse kwanza. Kata kuran, ukishindwa kuikata, msukume kwa mti mkavu.

Nani basi anaweza kutumia waya wa chini? Mwenye lupango kubwa pembeni ya kijiji, mwenye pano na batri zisizokatika, mwenye mbwa mmoja mpole, na mwenye muda wa kushinda nyumbani mwezi mzima. Kama ndivyo ulivyo, jaribu. Vyuma vya mkanda viangalie kila siku na uuvue usiku, juu vinatoboa ngozi na kufanya kidonda.

Kwa wengine, pesa ileile (Amerika katoni ya kawaida ni dolari 100 hadi 300, bila kuhesabu kusafirisha) inafanya kazi kubwa zaidi hapa. Matete na mianzi vinafunga lupango inayoonekana. Miyenzi, ile miti ya maziwa, inakua yenyewe, ila maziwa yake yanaharibu macho, watoto wasiyacheze. Kwa mchana, funga waya mnene kati ya nguzo mbili, tia pete juu yake, na kamba ya mbwa kwenye pete: anatembea meta kumi huku na huku bila kujinyonga, kivulini, maji karibu. Usiku mfungulie alinde. Na umlishe. Mbwa aliyekula ugali na vichwa vya samaki jioni hana sababu kubwa ya kushuka kwenye ndagala za watu. Dume akihasiwa na veterineri, safari zake za usiku zinapungua sana.

Kitu kingine ambacho hakuna waya unaoweza kukizuia ni kichaa cha mbwa. Mbwa mgonjwa anaingia mwenyewe kwenye lupango yako, na wako akiwa amefungwa hana pa kukimbilia. Ugonjwa ukianza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa kabla ya hapo, inaokoa. Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwezi wa saba 1885, na mtoto akaishi. Mtoto akiumwa na mbwa, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, saa mkononi. Usipake majani, usifunge kwa nguvu. Kimbia kituo cha afya, na kama hawana chanjo, panda moto siku ileile kwenda Nundu ao Uvira, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa wako mwenyewe achanjwe kila mwaka. Baba akishuka kutoka Misisi, amuulize veterineri bei ya sindano hiyo kabla ya kumwandikia shemeji wa Amerika.