Sadaka ya Msalaba na Meza ya Komunyo

Makatekista wengi wanatuletea shida moja. Wakristu fulani, wakijua kwamba Dominika hiyo hawawezi kukomunika, wanabaki nyumbani: wanasema Misa bila komunyo ni kazi bure. Wengine wanafika mageuzo yamekwisha kupita, wanapokea Mwili wa Bwana, wanaondoka mbele ya baraka, sawasawa na mtu anayepita kwenye dispensari kuchukua kidonge. Hao wote wana kosa moja lenye sura mbili. Wametenga mambo ambayo Yezu Kristu aliyafunga pamoja ile jioni ya Alhamisi.

Neno lenyewe linatutatiza kidogo. Sadaka, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu unachompa maskini. Hata leo Mkristu akisikia « sadaka » anafikiri mara moja kikapu na franka zake. Waprotestanti, katika Biblia zao, walishika neno « dhabihu », yaani mnyama anayechinjwa, nalo linaonyesha damu wazi zaidi. Sisi tunasema sadaka, wala si vibaya, lakini mwalimu asichoke kulieleza: kwenye altare hatutoi kwanza kitu chetu. Mwana anajitoa kwa Baba, nasi tunachukuliwa ndani ya kujitoa kwake.

Waisraeli walifahamu kwamba sadaka inaliwa. Soma kitabu cha Walawi, sura ya 3 na ya 7, juu ya sadaka ya amani: damu inamwagwa kuzunguka altare, mafuta yanachomwa, kifua na paja la kuume ni vya makuhani, na nyama iliyobaki inaliwa na mwenye kutoa pamoja na watu wake. Pasaka hali kadhalika. Kule Misri damu ya mwanakondoo ilipakwa mlangoni, lakini amri haikuishia hapo. Iliwapasa kumla usiku ule ule. Babu zetu wangeyaelewa hayo bila taabu. Fasi nyingi mbuzi ao kuku aliyetolewa kwa wazee waliokufa aliliwa na ukoo, na mwenye kinyongo alitakiwa kwanza kukisema waziwazi. Tuangalie lakini tusilinganishe kupita kiasi: pale mtu alitoa juu ya kutuliza hasira, hapa Mungu mwenyewe ndiye anayetoa kwanza.

Kristu, akiwa mezani na Mitume, alitaja mwili unaotolewa na damu inayomwagwa. Hayo ni maneno ya sadaka, kinywani mwa mtu anayekula na rafiki zake. Bila karamu ile, kifo cha kesho yake kingeonekana kama hukumu ya Pilato tu. Ni mezani alipoonyesha kwamba hakuna mtu anayemnyang'anya uhai wake. Yeye anautoa kwa hiari.

Hapo Waprotestanti wanatuuliza: « Ninyi mnamsulubisha Kristu kila siku? Waraka kwa Waebrania haufundishi kwamba alijitoa mara moja tu? » Katekista asiogope. Ajibu: sisi pia tunasadiki hivyo. Mtaguso wa Trento, tarehe 17 Septemba 1562, ulifundisha kwamba katika Misa anayetolewa ni yule yule, na anayetoa kwa mikono ya mapadri ni yule yule aliyejitoa msalabani. Namna ya kutoa peke yake ni mbali, maana hapa damu haimwagwi. Kristu mfufuka hafi tena. Msalaba haurudiwi, unatufikia sisi tuliozaliwa nyuma. Lualaba haizaliwi upya kila mgini unapoteka maji yake.

Basi, kukomunika ni kula sadaka hiyo. Ndiyo sababu Papa Pio XII, katika barua yake Mediator Dei ya 1947, aliwasifu waamini wanaotaka kupokea hostia zilizogeuzwa katika Misa ile ile wanayoishiriki, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1963, ukalihimiza jambo hilo. Hata hivyo sisi mapadri mara nyingi tunakimbilia tabernakulo, kwa kuwa hatukuhesabu watu mbele ya Misa. Komunyo ni halali, ndiyo, lakini alama imefifia.

Tena karamu hii inadai kitu. Kule Korinto wenye mali walikula mbele, maskini wakabaki na njaa, na Paulo akawaambia kwamba hiyo si karamu ya Bwana. Sisi wa Congo tuna fundisho mbele ya macho yetu: katika desturi ya Misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama inchi ilivyoitwa wakati ule, toba na amani vinafuata mahubiri, mbele ya kuleta vipaji. Mtu asipeleke mkate altareni huku amemfungia ndugu yake mkono. Lakini mara ngapi tunaona watu wawili wenye kesi ya shamba wakizunguka kanisa zima kuwasalimu wale ambao hawakukosana nao!

Na wale wanaobaki nyumbani? Tuwaambie: ubatizo wenu unawapa kutoa pamoja na padri, njooni, toeni hata huzuni hiyo ya kutokomunika. Komunyo si mshahara wa watakatifu. Papa Pio X, mwaka 1905, alifundisha kwamba mwenye neema na nia nyofu anaweza kuipokea hata kila siku. Anayezuiliwa asikizoee kizuizi chake. Njaa anayoisikia ni nzuri, kama inamsukuma kwenda kumwona padri kutengeneza mambo yake.

Neno moja kwa makatekista. Tangu 1973 Roma inaruhusu walei waliochaguliwa kugawa komunyo, na wengine kati yenu mnabeba hostia toka misioni mpaka vikanisa ambavyo padri anavifikia mara chache kwa mwaka. Watu wa huko wanaona hostia, hawakuiona altare. Mbele ya kugawa, waambieni hostia hizi zimetoka katika Misa gani, siku gani, na kwamba kule altareni padri aliwaombea. Nanyi mumkumbushe padri kufanya hivyo, mbele ya kuanza Misa.