Koti la Theluji Sokoni Kimilili

Mtu afikaye stendi ya Kimilili, magharibi mwa Kenya, mwezi wa Julai kabla jua halijapanda, hali ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya mahindi na mlima Elgon, ambao wenyeji wauita Masaba, haujajitokeza, atawakuta vijana wa bodaboda wamejikunyata juu ya pikipiki zao, wamevaa makoti mazito yaliyojazwa pamba, mengine yana kofia zilizozungushiwa manyoya ya bandia, na aghalabu wameyavaa kinyume, zipu ikawa mgongoni na mgongo wa koti ukawa kifuani, ili upepo usipate pa kupenyea. Makoti hayo ni ya mitumba, yamenunuliwa papo hapo sokoni, na kila aliye na macho hutambua kuwa fundi aliyeyashona hakuwa na Kimilili moyoni mwake, bali aliwakusudia watu wa nchi ambazo theluji hufika magotini. Ikifika saa saba mchana kijana yule yule amebaki na fulana, koti limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, na abiria wake ajifuta jasho huku akilalamikia jua. Vazi lililokusudiwa kuvaliwa miezi mitano mfululizo, Kimilili huvaliwa saa tatu au nne kwa siku, kisha likapumzishwa hadi kesho. Na mimi, niliyekaa miaka mingi nikisomesha jografia, sijapata kuona kifaa cha kufundishia kilicho bora kuliko koti hilo, maana lafundisha kuwa majira ambayo wenzetu wamegawiwa kwa miezi, sisi tumegawiwa kwa saa.

Watu wengi, na miongoni mwao wamo waliosoma, hudhani kuwa majira ya baridi huja dunia inapokuwa mbali na jua, na ya joto inapolikaribia. Lau ingekuwa hivyo, Januari ungekuwa mwezi wa joto ulimwenguni kote, kwa kuwa ni mwanzoni mwa mwezi huo ambapo dunia huwa karibu mno na jua, kiasi cha kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa imejitenga hadi kilomita milioni 152. Walakini ni Januari hiyo hiyo ambapo mito ya Kanada huganda. Sababu yenyewe ni mwinamo. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeulaza mhimili wake kwa nyuzi 23 na nusu, wala mwinamo huo haugeuki upande mwaka mzima, hivyo kwa nusu ya safari kizio cha kaskazini huwa kimelielekea jua, na kwa nusu ya pili zamu huwa ya kizio cha kusini. Apendaye kuhakikisha na ashike tochi usiku, aimulike chini wima, ataona duara dogo lenye nuru kali. Kisha ailaze kidogo, ataona mwanga ule ule umetandaa na kufifia, maana nguvu iliyokuwa ya mahali padogo sasa imegawanywa kwa mahali pakubwa. Kizio kilicholielekea jua hupata mwanga wa wima na mchana mrefu. Kilichogeuziwa kisogo hupata mwanga wa mshazari na mchana mfupi, na hasara hizo mbili zikikutana ndipo maji yanapokuwa mawe.

Kimilili kwa hesabu ya ramani imo katika kizio cha kaskazini, lakini masafa yake kutoka mstari wa istiwai, ambao shuleni huitwa ikweta, hayatimii kilomita 100, kwa hiyo mwinamo ule wa dunia hauna nguvu juu yake. Urefu wa mchana wake hautofautiani mwaka mzima ila kwa dakika chache. Saa ya Kiswahili, ianzayo kuhesabiwa jua linapochomoza, yazifaa nchi kama hizi. Mchukue mtu wa Kimilili umpeleke Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako mwisho wa Desemba mchana hautimii saa tisa na mwezi wa Juni hupita saa kumi na tano, na saa aliyoizoea tangu utotoni itakuwa haina maana kwake, kwa kuwa saa moja ya asubuhi atakayoiona huko mwezi wa Desemba ni kiza kitupu. Lugha yetu yenyewe ni shahidi: wazee wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo na mvua, wakasema kaskazi na kusi, masika na vuli, na hata kipupwe walichokitaja ni ubaridi wa kumfanya mtu avute shuka, wala hakuna aliyewahi kukiogopa kuwa kitamuua njiani.

Iwapo mwinamo wa dunia hautugusi, baridi ya alfajiri ya Kimilili yatoka wapi? Yatoka juu, kwa njia mbili. Kwanza, mji huu umekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 tunazopanda, ndiyo maana mtu wa Mombasa akifika kwetu huomba blanketi la pili, na mtu wa kwetu akipanda Elgon, ambao kilele chake kirefu hufika mita 4,321, hukuta sakitu juu ya majani. Pili, ardhi iliyopata joto mchana hulirudisha mbinguni usiku, na kama hakuna mawingu ya kuifunika, na hewa yenyewe ni nyepesi, joto hilo hupotea upesi. Kisha hewa iliyopozwa, ambayo ni nzito kuliko ya joto, huteremka miteremko ya mlima kama maji, ikatuama mabondeni, na ndiyo sababu aliyejenga karibu na mto Kibisi huamka na baridi kuliko jirani yake aliye kilimani. Tofauti kati ya mwezi wetu wenye joto jingi na ule wenye baridi nyingi ni nyuzi mbili au tatu hivi. Tofauti kati ya alfajiri na alasiri ya siku moja hupita kumi. Kwa hiyo aulizaye majira ya baridi ya Kimilili ni lini, jawabu lake ni kwamba yalikuwa leo asubuhi, na kesho yatarudi.

Wenzetu je? Chukua wiki moja tu ya mwaka 2019. Tarehe 24 Januari, katika mji wa Adelaide, Australia, kipimajoto kilifika nyuzi 46.6, hari ambayo mji huo haukuwa umewahi kuiandika. Na siku sita baadaye, tarehe 30, mji wa Minneapolis uliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ya Marekani, inayojifaharisha kwa kutozuiwa na mvua wala theluji, ikasitisha kugawa barua katika jimbo hilo. Baina ya miji hiyo miwili palikuwa na nyuzi karibu 80, na katika miji yote miwili wamo watu wa Afrika ya Mashariki: Minnesota wako Wasomali na Wakenya wengi, na Adelaide wako watu wa Sudan Kusini, ambao baadhi yao walipitia kambi ya Kakuma, huko Turkana. Ndugu wawili waliolelewa chini ya jua moja, mmoja akaenda kaskazini na mwingine kusini, wangeweza wiki hiyo kupigiana simu, mmoja akaelezea jinsi kope zake zilivyoganda, na mwingine jinsi usukani wa gari ulivyomchoma viganja.

Baridi ya kule hujifunzwa, kama lugha. Philip Boit, mwanariadha wa Uasin Gishu, hakuwa ameiona theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwa mbao, na miaka miwili baadaye, katika michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, aliiwakilisha Kenya katika mbio za kilomita 10, akafika wa mwisho, nyuma ya mshindi kwa dakika 20. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alikaa penye mwisho wa njia akamngojea, akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wengi hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya uungwana wake. Mimi hukisimulia kwa ajili ya zile dakika 20, kwani kifua na miguu havikuwa na upungufu wowote, kilichopungua ni zile baridi thelathini ambazo Mnorwe alikwisha kuzipitia tangu kuzaliwa.

Na katika kujifunza huko, jambo la kwanza mgeni hufundishwa ni kuwa adui wake ni upepo kuliko baridi. Mwili wa binadamu hujivika tabaka jembamba la hewa uliyoipasha wenyewe, na upepo huja ukaivua hewa hiyo kila dakika, mwili ukalazimika kupasha nyingine. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili huko Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa kuangalia maji ndani ya kopo huchukua muda gani kuganda upepo unapovuma kwa kasi mbalimbali. Kijana wa bodaboda wa Kimilili hakusoma habari zao, lakini kila alfajiri ashukapo barabara ya Kamukuywa kwa kasi, hewa ikiwa nyuzi 13 tu, hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na koti lililogeuzwa kinyume ndilo jawabu lake.

Hari nayo ina hila yake. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini kinachopoza ni kukauka kwa jasho hilo. Hewa ikishiba unyevu, jasho hutiririka bure. Ndiyo maana ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia Omani hawauogopi mchana wa bara kavu kama wauogopavyo usiku wa pwani. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, ulipita usiku ambao kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Mchana mtu hukimbilia kivuli. Usiku kama ule hauna kivuli cha kukimbilia, na moyo usiopata kupumzika usiku ndio unaochoka hata kufa. Sisi rehema yetu kubwa ni usiku. Hata mwezi wa Februari, bati la nyumba likisha kutuchoma mchana kutwa, ikifika saa tatu za usiku mlima hututeremshia ubaridi bila ya malipo.

Isidhaniwe kwamba baridi yetu, kwa kuwa ni ya saa chache, haina uzito. Agosti ya kila mwaka ugawanyikao kwa mbili, kijana wa Wabukusu, ambao ndio wenyeji wa huku, anayeingia jandoni hupelekwa mtoni kabla ya mapambazuko, akaogeshwa, akapakwa tope mwili mzima, akarudi nyumbani akiwa uchi chini ya ganda hilo la ubaridi, asitikisike wala asipepese jicho mbele ya kisu. Wazee hawakuhitaji kitabu cha tiba ili wajue kuwa ngozi iliyozizima huona uchungu kidogo na kutoka damu kidogo, kwa maana mishipa yake imejibana. Baridi hapo imetumiwa kama dawa.

Lakini pia huua, na hapa naandika kwa msisitizo. Zipo nyumba zetu ambazo usiku wa Julai huingizwa jiko la makaa chumbani, mlango ukafungwa na madirisha yakazibwa kwa matambara ili joto lisitoke. Makaa, hata yaliyokwisha kushika yakawa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na aliyelala huivuta bila kushtuka, akalala moja kwa moja. Mtu wa Minneapolis ana nyumba yenye kuta nene, madirisha ya vioo viwili na bomba la kutolea moshi, kwa kuwa baridi yake ya miezi mitano ilimlazimisha kujenga hivyo. Sisi, ambao baridi yetu hupita kwa saa chache, hatukulazimishwa, tukaazima moto bila kuazima bomba lake. Jiko na libaki nje, au lipikiwe kisha litolewe kabla ya kulala, na aonaye baridi aongeze blanketi.

Au aende sokoni. Makoti yapo tele, yametundikwa kwenye vigingi vya mbao, na muuzaji atamhakikishia mnunuzi kuwa hili ni la Kanada na lile ni la Ujerumani. Atalivaa hadi saa nne, kisha atalivua kama tunavyolivua sote, na mwenyewe aliyelivaa kwanza, huko alikolivaa, hakuwa na saa nne ya kulivulia.