Wastani wa Alama: Je, Unapima Shule au Wanafunzi Waliomo?

Kila mara matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotolewa, macho ya watu huikimbilia tarakimu moja, nayo ni wastani wa shule. Shule iliyo juu husifiwa na walimu wake hupongezwa. Iliyo chini hulaumiwa, na wazazi wenye uwezo huanza kuwahamisha watoto wao. Je, tarakimu hiyo inastahili kuaminiwa kiasi hicho? Katika makala haya tutaona kwamba wastani wa alama, usipoambatana na maelezo ya wanafunzi ni akina nani, waweza kumpotosha hata mtu mwenye nia njema.

Hesabu ya shule mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule A na shule B zina wanafunzi 100 kila moja katika darasa la saba. Tuwagawe wanafunzi hao katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la watoto wanaoishi karibu na shule, ambao nyumbani kwao mna vitabu, mna taa na wazazi wamesoma. Kundi la pili ni la watoto wanaotembea mwendo mrefu, wanaochota maji na kuchunga mifugo baada ya masomo, na ambao wazazi wao hawakupata kusoma.

Katika shule A, wanafunzi 80 ni wa kundi la kwanza na wastani wao ni alama 70. Wanafunzi 20 ni wa kundi la pili na wastani wao ni 40. Katika shule B, wanafunzi 20 tu ni wa kundi la kwanza na wastani wao ni 75. Waliobaki 80 ni wa kundi la pili na wastani wao ni 50. Sasa tukokotoe wastani wa kila shule:

Shule A: (80 × 70 + 20 × 40) ÷ 100 = 64
Shule B: (20 × 75 + 80 × 50) ÷ 100 = 55

Shule A imeishinda shule B kwa alama 9. Lakini msomaji atazame tena. Katika kundi la kwanza shule B inaongoza kwa alama 5, na katika kundi la pili inaongoza kwa alama 10. Mtoto wa kundi lolote angefanya vizuri zaidi katika shule ile ile inayolaumiwa! Jambo hili huitwa kitendawili cha Simpson, kwa jina la mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, Edward Simpson, aliyelieleza mwaka 1951. Chanzo chake ni uwiano wa makundi ndani ya kila shule.

Nyumbani au shuleni?

Nchini Marekani suala hili lilichunguzwa kwa upana mkubwa katika miaka ya 1960. Mwanasosholojia James Coleman na wenzake walikusanya habari za wanafunzi wapatao 600,000 katika shule zipatazo 4,000. Taarifa yao ya mwaka 1966 ilionyesha kwamba tofauti za alama ziliambatana zaidi na hali ya nyumbani kwa mwanafunzi kuliko vifaa vya shule yake. Baadhi ya watu walihitimisha kwa haraka kwamba shule haina faida. La hasha! Kufananisha shule na shule ni jambo moja. Kumfananisha mtoto aliyesoma na yule asiyesoma kabisa ni jambo jingine.

Hapa Afrika Mashariki, Stephen Heyneman alifanya utafiti katika shule za msingi za Uganda katika miaka ya 1970, akaona kwamba hali ya nyumbani ilikuwa na uhusiano hafifu na alama za mtihani. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29. Waliona kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na wa mwalimu ulivyokuwa na uzito zaidi. Tafiti za baadaye ziliona tofauti hiyo kati ya nchi ikififia kadiri elimu ilivyoenea. Hata hivyo, fundisho limebaki: uzito wa nyumbani na wa shule haulingani mahali pote wala wakati wote.

Mlango unapofunguliwa

Wanafunzi wa shule hubadilika pia mwaka hata mwaka. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi. Watoto ambao awali wasingehesabiwa kabisa sasa wanaingia katika hesabu. Wastani waweza kushuka kwa sababu hiyo pekee, pasipo mwanafunzi hata mmoja kujifunza pungufu. Kinyume chake, shule inayowaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani hupandisha wastani wake bila kumfundisha mtu jambo jipya.

Zoezi la darasani

Mwalimu awaombe wanafunzi waandike, bila majina, dakika wanazotembea kuja shuleni na alama za jaribio la mwisho. Darasa liwagawe wanaotembea chini ya dakika 30 na wanaotembea zaidi, kisha likokotoe wastani wa kila kundi na wa darasa zima. Wakumbuke kwamba darasa moja ni sampuli ndogo, na kwamba mambo mawili kuambatana si ushahidi kuwa moja limesababisha jingine.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Lakini mazoea ya kupanga shule kwa tarakimu moja yangali mitaani na katika vikao vya wazazi. Mkulima wa bondeni hasifiwi, wala wa kwenye mawe halaumiwi, kabla ya kuuliza kila mmoja alipanda wapi. Vivyo hivyo, tuulize kwanza wanafunzi walijua nini walipoingia, na wanajua nini wanapotoka. Tofauti ya hayo mawili, wakihesabiwa wote walioingia, ndiyo inayokaribia kuonyesha kazi ya mwalimu.